Kuzuru Monroeville, Alabama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Monroeville ni mji wa watu wapatao 6,000 kusini mwa jimbo la Alabama, Marekani. Mwandishi Harper Lee alizaliwa hapo, mwandishi mwenzake Truman Capote alilelewa hapo utotoni, na riwaya ya Lee, To Kill a Mockingbird, ilichota hapo mahakama yake, majirani wake na hofu zake. Wengi wanaoniuliza habari za mji huu ni Waswahili wanaoishi Atlanta, Houston au Dallas ambao wamepata wikiendi ndefu. Wengine ni walimu na wanafunzi wa fasihi wanaopanga safari kutoka nyumbani. Niseme mapema kwamba majibu yangu yana upendeleo. Naona kinachostahili safari ni chumba kimoja, yaani ukumbi wa mahakama ya zamani, na mtu asiingie humo akiwa anaijua kesi ya kubuni peke yake.

Huu ndio mji tunaouona kwenye filamu?

Hapana, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujajaza mafuta. Filamu ya riwaya hiyo, ya mwaka 1962, ilipigwa California, kwenye viwanja vya studio ya Universal. Ule mtaa wenye vibaraza vya mbao, miti mikubwa na nyumba ya jirani wa kutisha ulijengwa kwa ajili ya kamera. Kufikia wakati huo Monroeville ilikuwa imeshabadilika, haifanani tena na mji wa miaka ya 1930.

Kilichotoka Monroeville ni ukumbi wa mahakama. Henry Bumstead, mmoja wa wasanifu wa mandhari ya filamu, alifika mjini, akapiga picha na kuchukua vipimo, kisha ukumbi ukajengwa upya studioni. Kazi hiyo ilipata Oscar. Filamu ilipata Oscar tatu kwa jumla. Mbili nyingine zilikwenda kwa Gregory Peck, mwigizaji bora, na Horton Foote aliyeandika mswada.

Peck mwenyewe alifika Monroeville Januari 1962 kumwona Amasa Coleman Lee, baba yake Harper, wakili ambaye Atticus Finch, wakili wa kwenye riwaya aliyeigizwa na Peck, amechongwa kutoka kwake. Mzee alifariki Aprili mwaka huohuo, filamu haijatoka. Binti yake akampa Peck saa ya mfukoni ya marehemu, na usiku wa Oscar Peck alikuwa nayo.

Basi nikifika nitaona nini?

Anza na mahakama ya zamani, katikati ya mji. Utaiona kutoka mbali: matofali mekundu, kuba jeupe juu, na saa. Ilijengwa mwaka 1903. Mwaka 1963 shughuli za mahakama zilihamia jengo jipya la jirani, na hili la zamani leo ni makumbusho ya kaunti.

Ukiingia ukumbini, usikimbilie kupiga picha kwenye kiti cha jaji kama wafanyavyo wengi. Simama kwanza katikati ya sakafu ya mbao uangalie jinsi ukuta ulivyopinda, na roshani iliyopinda kuufuata. Kisha uliza kama roshani iko wazi, upande. Huko juu ndiko walikokaa Watu Weusi enzi za ubaguzi. Kutoka hapo unaona kila kitu: jaji, mawakili, kiti cha shahidi, na visogo vya Wazungu waliokaa chini. Unaona, ila huna sauti. Katika riwaya watoto wa Atticus wanaifuatilia kesi kutoka roshani kama hiyo, wakiwa na mchungaji Mweusi aliyewatafutia nafasi. Msomaji anaweza kuipita sentensi hiyo bila kufikiri sana, lakini akikaa pale juu dakika kumi ataelewa kwa nini Lee aliwaweka watoto huko.

Makumbusho yana pia vyumba vinavyomhusu Lee na vinavyomhusu Capote. Cha Capote mimi hunivutia zaidi, kwa sababu kina barua, picha na vitu vya nyumbani kwa akina Faulk, jamaa zake waliomlea.

Nje, kwenye uwanja wa mahakama, kuna jiwe la kumbukumbu lililowekwa na chama cha mawakili wa Alabama mwaka 1997 kumheshimu Atticus Finch. Ndiyo, mawakili wamemjengea kumbukumbu wakili ambaye hakuwahi kuzaliwa. Kuna pia sanamu za shaba za watoto wanaosoma kitabu, na michoro ya ukutani yenye matukio ya riwaya.

Nyumba ya Harper Lee iko wapi?

Haipo. Ilibomolewa zamani, na kwenye kiwanja chake, mtaa wa South Alabama Avenue, kuna kibanda cha kuuza baga na aiskrimu kiitwacho Mel's Dairy Dream. Wapo wageni wanaofika hapo wakakasirika. Mimi nakushauri ununue aiskrimu, ukae kwenye benchi ufikirie lililobaki.

Nyumba ya jirani, ile aliyokaa Capote, iliungua mwaka 1940, ikajengwa upya, na hiyo nayo ikabomolewa mwaka 1988. Pamebaki mawe ya msingi, mabaki ya bwawa dogo la samaki na kibao cha historia. Ukiangalia umbali kati ya viwanja hivi viwili utaelewa urafiki ule ulivyoanza. Watoto wawili, mmoja msichana mgomvi asiyependa magauni, mwingine mvulana mdogo wa umbo anayependa maneno makubwa, walitenganishwa na ukuta mfupi wa mawe. Lee alimgeuza Capote kuwa Dill, rafiki wa watoto wa Atticus kwenye riwaya yake.

Na nyumba ya Boo Radley?

Hiyo nayo, ya yule jirani wa kutisha wa kwenye riwaya, haipo. Ukikutana na mtu anayekuonyesha mti wenye tundu ambamo Boo aliwaachia watoto zawadi, mshukuru kwa adabu uendelee na safari.

Capote alizaliwa hapo?

Alizaliwa New Orleans, Septemba 1924. Wazazi wake hawakuelewana, wakamleta kwa jamaa za mama yake Monroeville, na alikaa hapo miaka kadhaa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Baada ya hapo alikuwa akirudi likizo. Aliyemlea hasa ni binamu wa makamo aliyeitwa Sook, ambaye ndiye moyo wa hadithi yake fupi A Christmas Memory ya mwaka 1956: bibi na mtoto wanaoka keki za matunda na kuzituma kwa watu wasiowajua vizuri, akiwemo rais Roosevelt. Kama utasoma kitu kimoja tu cha Capote kabla ya safari, soma hicho. Kinasomeka kwa kikombe kimoja cha chai.

Urafiki wa utotoni uliendelea. Desemba 1959, Lee akiwa amemaliza riwaya yake lakini haijatoka, alifuatana na Capote kwenda Kansas kumsaidia utafiti wa mauaji ya familia moja ya wakulima, kazi iliyozaa kitabu cha Capote, In Cold Blood. Filamu iitwayo Capote, ya mwaka 2005, inasimulia kipindi hicho. Philip Seymour Hoffman alipata Oscar kwa kumwigiza Capote, na Catherine Keener ndiye Harper Lee.

Je, Tom Robinson alikuwa mtu wa kweli?

Tom Robinson, Mtu Mweusi anayeshtakiwa ubakaji kwenye riwaya na kutetewa na Atticus, ni wa kubuni, lakini hakutoka hewani.

Mwaka 1919 baba yake Lee, akiwa wakili kijana, aliwatetea baba na mwana Weusi walioshtakiwa kwa mauaji. Alishindwa, wakanyongwa. Hakuchukua tena kesi ya jinai. Aliendelea na mambo ya ardhi, mirathi na biashara, akawa mbunge wa jimbo na mwenye gazeti la mji.

Mwaka 1931, kaskazini mwa Alabama, vijana tisa Weusi walisingiziwa ubakaji kwenye treni, na wanane kati yao wakahukumiwa kifo kwa haraka ya kutisha. Hiyo ndiyo kesi ya Scottsboro, iliyojaza magazeti Lee akiwa mtoto. Kisha mwaka 1933, Monroeville penyewe, mwanamume Mweusi aitwaye Walter Lett alishtakiwa kumbaka mwanamke Mzungu. Alihukumiwa kifo, watu wa mji wakaandika barua za kuitilia shaka hukumu, adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha. Alifia kifungoni.

Kwa hiyo anayesema riwaya ni ya kubuni amesema kweli, na anayesema ni habari ya Monroeville naye hajadanganya.

Nimetazama Just Mercy. Ni mji huuhuu?

Ni huuhuu: filamu hiyo inasimulia kesi ya kweli iliyotokea hapa. Swali hili huja mara chache kuliko la nyumba ya Boo Radley, nami ningependa ingekuwa kinyume.

Walter McMillian alikuwa Mtu Mweusi wa kaunti hii, mwenye kazi yake ya kukata miti ya mbao. Mwaka 1986 msichana Mzungu aliuawa mchana ndani ya duka la dobi katikati ya Monroeville. Mwaka uliofuata McMillian alikamatwa. Saa ya mauaji alikuwa nyumbani kwake, ambako kulikuwa na shughuli ya kuuza samaki wa kukaanga kuchangia kanisa, na mashahidi walikuwa wengi. Wengi wao Weusi, na hawakusikilizwa. Alipelekwa kwenye jela ya wanaosubiri kunyongwa kabla hata kesi haijaanza kusikilizwa. Kesi ilihamishiwa kaunti nyingine yenye Weusi wachache, ikachukua siku moja na nusu. Jopo la raia kumi na wawili waliosikiliza, kumi na mmoja wakiwa Wazungu, lilimwona ana hatia lakini likapendekeza kifungo cha maisha. Jaji akalipuuza pendekezo hilo akampa kifo. Sheria ya Alabama ilimruhusu. Haki hiyo ya majaji ilifutwa mwaka 2017 tu.

Wakili Bryan Stevenson aliichukua rufaa, ikabainika kwamba shahidi mkuu alidanganya na kwamba ushahidi wa kumsaidia mshtakiwa ulifichwa. McMillian aliachiwa Machi 1993, baada ya kukaa miaka sita akisubiri kifo. Alifariki mwaka 2013. Kitabu cha Stevenson kilitoka mwaka uliofuata, na filamu mwaka 2019, Michael B. Jordan akiwa Stevenson na Jamie Foxx akiwa McMillian.

Hebu zilinganishe tarehe. McMillian alikuwa bado jela mwaka 1991, wakati watu wa mji walipokuwa wakianza kuigiza kesi ya Tom Robinson kwenye mahakama ya zamani na wageni kuja kuitazama. Stevenson ameandika juu ya kinaya hicho: mji unaojivunia hadithi ya Mweusi aliyeonewa, ukishindwa kumwona aliye mbele yake. Hili silisemi ili usiende. Ila ukienda na riwaya peke yake utakuwa umeona nusu ya mji.

Kuna mahali pa kutembelea panapomhusu McMillian?

Hakuna kituo cha wageni cha namna hiyo, na usizunguke mjini kutafuta duka la mauaji au nyumba za watu. Familia ya binti aliyeuawa ilipoteza mtoto, na jamaa za McMillian ni watu wenye maisha yao. Badala yake pitia Montgomery, kaskazini, ambako taasisi ya Stevenson ilifungua mwaka 2018 makumbusho ya Legacy na ukumbusho wa waliouawa na makundi ya watu bila kesi. Kwenye ukumbusho huo kuna nguzo za chuma zaidi ya 800, kila moja ikiwa ya kaunti, na majina ya watu zaidi ya 4,400. Unaanza nguzo zikiwa usawa wa macho. Sakafu inashuka kidogokidogo huku zikibaki juu, hadi unajikuta unatembea chini yake. Tenga nusu siku kwa Montgomery, na usiende ukiwa na haraka.

Mimi ni Mwafrika. Nitapokewaje Monroeville?

Kwa adabu, na kwa maswali. Zaidi ya watu wanne kati ya kumi mjini ni Weusi, kwa hiyo hutakuwa kioja. Watakaposikia lafudhi yako ndipo mazungumzo yatakapoanza: umetoka wapi, umefuata nini, umekula? Watu wa Kusini wanasalimia, wanamwita mkubwa bwana au bibi, na anayekatiza moja kwa moja kwenye shida yake bila salamu anaonekana hana malezi. Mswahili hapo yuko nyumbani.

Waulize wenyeji Weusi wa rika la wazee wanauonaje umaarufu wa riwaya. Utapata majibu tofauti. Wapo wanaoigiza kwenye mchezo wa kila mwaka na kujivunia. Wapo wanaosema hadithi hiyo ni ya Mzungu mwema, na Weusi wamewekwa humo waonewe na kushukuru. Sikiliza bila kubishana. Cynthia Tucker, mwandishi wa habari aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 2007 kwa makala zake za maoni, amezaliwa Monroeville na alikulia katika mji uliotenganishwa kwa rangi. Makala zake ni maandalizi mazuri, na inasikitisha kwamba watalii wachache wanalijua jina lake.

Barabarani, fuata kikomo cha mwendo kwa ukali kuliko ulivyozoea. Ukisimamishwa na polisi, mikono juu ya usukani, na umwambie kabla ya kufungua droo ya gari kutafuta karatasi.

Ule mchezo wa jukwaani huonyeshwa lini?

Kwa desturi ni majira ya kuchipua, Aprili na Mei. Waigizaji si wa kulipwa. Ni watu wa mji: wenye maduka, walimu, mawakili. Sehemu ya kwanza huchezwa nje, pembeni mwa mahakama, jua likizama na ndege wakipiga kelele zao bila kujali mswada. Sehemu ya pili watu wote huingia ukumbini, na kesi inasikilizwa pale palipoigwa na filamu. Jopo la mahakama huchaguliwa kutoka kwa watazamaji, na kwa desturi huwa wanaume Wazungu kumi na wawili, maana ndivyo ilivyokuwa: wanawake wa Alabama hawakuruhusiwa kuketi kwenye majopo hayo hadi mwaka 1966, na Weusi walizuiwa kwa hila. Kumwona jirani yako uliyekuwa ukipiga naye soga kwenye foleni ya soda akiinuka kwenda kumhukumu Tom Robinson ni jambo ambalo filamu haiwezi kukupa.

Kundi hili limewahi kuupeleka mchezo Israeli, Uingereza na Hong Kong. Ratiba na haki za uigizaji zimewahi kuleta mvutano, hivyo thibitisha ya mwaka wako na makumbusho kabla ya kulipia hoteli. Tiketi huisha mapema.

Harper Lee alipenda watalii?

Hakuwapenda. Riwaya ilitoka Julai 1960, ikapata Pulitzer mwaka 1961, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 alikuwa ameacha kabisa kuhojiwa na waandishi. Aliishi kati ya New York na Monroeville, na hapa mjini alikuwa na nyumba ya kawaida ya matofali pamoja na dada yake Alice, ambaye aliendelea na kazi ya uwakili hadi alipopita miaka mia moja. Wenyeji walijifunza kumlinda: mgeni akiuliza anakaa wapi, walikuwa hawajui.

Mwaka 2013 aliyashtaki makumbusho kwa kutumia jina la riwaya kwenye bidhaa za duka lao. Kesi iliisha mwaka uliofuata. Ukinunua fulana au kikombe, kumbuka kwamba mwenyewe hakufurahia biashara hiyo. Alifariki Februari 2016, akiwa na miaka 89.

Kaburi lake linaruhusiwa kutembelewa?

Ndiyo. Liko makaburi ya Hillcrest, karibu na kanisa la Methodisti, kwenye eneo la familia ya Lee. Jiwe ni dogo na jina limeandikwa Nelle Harper Lee, kwani Nelle ndilo jina alilojulikana nalo nyumbani. Usitafute jina la riwaya, halipo.

Nisome riwaya kwanza au nitazame filamu?

Soma. Filamu imetulia na Peck ni mzuri mno, uzuri ambao umemfanya Atticus kuwa mtakatifu. Kwenye kitabu anayezungumza ni mtoto, na utani wake juu ya shangazi, walimu na kanisa unachukua nafasi kubwa kuliko kesi. Ukishasoma, itazame kwa ajili ya Brock Peters kwenye kiti cha shahidi, na kwa Robert Duvall katika sinema yake ya kwanza, ambamo hasemi hata neno moja.

Go Set a Watchman, iliyotoka Julai 2015, iliandikwa kabla ya Mockingbird ingawa mambo yake yanatokea miaka ishirini baadaye. Humo binti amekuwa mtu mzima na anagundua baba yake anakaa vikao vya wanaopinga usawa wa Weusi. Wengi walikasirika kuharibiwa Atticus wao. Mimi naona Atticus wa kitabu hicho anafanana zaidi na mawakili waungwana wa Kusini wa miaka ya 1950.

Ninafikaje?

Kwa gari. Hakuna treni na usitegemee basi. Kutoka Montgomery ni kilomita kama 160, na kutoka Mobile karibu sawa na hizo. Njia zote mbili unafuata barabara kuu ya I-65, na ukitokea Montgomery unatoka upande wa magharibi karibu na Evergreen, ukipita misitu ya misonobari na malori ya magogo. Kutoka Atlanta tenga saa nne au zaidi, na ukumbuke Alabama iko nyuma ya Atlanta kwa saa moja. Nimesikia zaidi ya mtu mmoja akifika saa nzima kabla ya mlango kufunguliwa. Heri hivyo kuliko wakati wa kurudi, ambapo saa hiyohiyo inakuponyoka.

Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuacha barabara kuu, kwa maana mtandao hukatika msituni. Kampuni za kukodi magari zinataka kadi ya benki yenye jina la dereva, na aliye chini ya miaka 25 hutozwa zaidi. Mwenye leseni iliyoandikwa kwa Kifaransa, kama ya Burundi au Kongo, afuatane na leseni ya kimataifa.

Natoka Afrika Mashariki. Viza je?

Masharti ya Marekani kwa nchi zetu yamebadilika mara kadhaa siku hizi, na hayafanani kati ya Mkenya, Mtanzania na Mrundi. Soma tovuti ya ubalozi wa Marekani katika nchi yako wiki ile unayojaza fomu, wala usinunue tiketi ya ndege kabla ya kupata viza.

Siku ngapi zinatosha?

Monroeville yenyewe ni siku moja. Fika asubuhi, mahakama na makumbusho hadi mchana, tembea South Alabama Avenue, kisha makaburini. Ukiwa na tiketi ya mchezo, lala hapohapo. Hoteli ni chache na za kawaida, za wasafiri wa barabarani. Usifike Jumapili bila kuuliza, maana utakuta mji umeenda kanisani na makumbusho yamefungwa.

Wenye siku tatu wafanye hivi: Montgomery, Monroeville, Mobile. Mobile kuna Africatown, mtaa ulioanzishwa na Waafrika walioletwa mwaka 1860 na Clotilda, meli ya mwisho inayojulikana kuleta watumwa Marekani, na mabaki ya meli hiyo yalithibitishwa mwaka 2019. Au pandeni kaskazini hadi kaunti ya Wilcox, ambako wanawake wa Gee's Bend hushona mablanketi ya viraka yaliyofika kwenye makumbusho makubwa ya sanaa. Kivuko chao kwenda mji wa Camden kilisimamishwa mwaka 1962, Weusi walipoanza kuvuka kwenda kudai kura, na hakikurudi hadi mwaka 2006.

Hali ya hewa?

Julai na Agosti ni joto la Dar au Mombasa mwezi Februari, bila upepo wa bahari. Aprili ndiyo nzuri, ingawa ni msimu wa vimbunga vya nchi kavu, kwa hiyo ruhusu simu ikupe tahadhari.

Tutakula nini?

Hapa hamtapata shida. Zile kolade wanazopika na nyama ya kuvuta moshi ni sukuma wiki ileile, ila wao wanaichemsha mpaka inalegea kabisa. Kunde zipo, bamia zipo, zote mbili zilivuka bahari kutoka Afrika. Kambare hukaangwa na unga wa mahindi. Asubuhi kuna grits, mahindi yaliyosagwa na kupikwa laini kwa siagi na chumvi. Mwenye kutia sukari ataangaliwa. Chai ni ya baridi na sukari yake imeshatiwa, nyingi.

Waislamu waulize kila sahani: mafuta na vipande vya nguruwe huingia hata kwenye mboga. Samaki nao uliza wamekaangwa kwenye mafuta gani. Bakshishi ya mhudumu ni asilimia 15 hadi 20, na si hiari kama kwetu, kwani mshahara wake ni mdogo sana.

Twende na watoto?

Makumbusho na aiskrimu, ndiyo. Mchezo, inategemea. Una shtaka la ubakaji, na lile tusi la rangi husemwa kwa sauti, mara nyingi, ndani ya ukumbi mdogo. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekwisha kusoma riwaya ataufuata. Mdogo zaidi atachoka kwenye viti vya mbao na kuanza kuuliza maswali katikati ya ushahidi. Wazungumzieni neno hilo garini, mkiwa njiani kwenda, na mzazi mmoja akae karibu na mlango.